Sifuri ya Maluach, na Nyingine Mbili

Jumamosi nilipanda boda Kawempe kuelekea Lugogo. Dereva kijana, mtu wa Arua, Kiswahili kimemtulia mdomoni, akaiona fulana yangu ya City Oilers, klabu ya kikapu ya Kampala, na kuanza maneno hata Bwaise hatujafika. "Mzee, huyu mrefu wenu wa Kawempe, Maluach, mnamsifia nini hasa? Futi saba na ushee, uwanjani zaidi ya dakika 20, mipira inayokosa kikapu, ribaundi, kadaka sifuri. Sifuri!" Akaachia usukani mkono mmoja, akaniviringia vidole hewani, nisije nikadhani sifuri ya Kampala ina umbo lingine.

Nikamwuliza, mechi uliiona? Hakuiona. Ilichezwa San Antonio, Marekani, na huku ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025, watu wako kwenye shuka. Yeye alichoona ni picha ya karatasi ya takwimu kwenye simu. Kesi ikasikilizwa, hukumu ikatoka, kabla chai haijachemka.

Nimechoka na watu wa picha ya karatasi. Zamani mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi anaambiwa teremsha kidole. Nusu yao wamejifunza kikapu kwenye vibanda vya kubeti, ndiyo maana hawajui chochote kisicholipwa.

Haya, nikubali yangu kwa shingo upande. Khaman Maluach hakudaka mpira hata mmoja uliorudi kutoka kikapuni siku ile. Duke, timu ya chuo kikuu chake huko Marekani, walikuwa wanaongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, wakalala 70–67 mbele ya chuo kikuu cha Houston. Mtu wa urefu ule akitoka mikono mitupu, lazima aulizwe. Sawa. Ameulizwa. Tuendelee.

Sasa tazama kazi ya mtu mrefu mpira unaporushwa. Hatazami mpira. Anageuka, anatafuta mwili wa mpinzani, anauweka mgongoni, anapanua miguu, anakaza kiuno, anausukuma nje sentimita kwa sentimita huku viwiko vya watu vinamchoma mbavu. Mpira unadunda kwenye chuma. Anakuja mwenzake mfupi, jasho hana, anauokota kama embe lililoanguka uani kwao. Mwandishi mezani anaandika ribaundi moja, ya mfupi. Aliyepigana vita haandikiwi hata nukta. Sisemi kwamba usiku ule Maluach alifanya hivyo kila mara. Mipira mingine alizidiwa tu, Houston ni watu wa kugombana. Ninachosema ni kwamba aliyesoma karatasi peke yake hawezi kujua ipi ni ipi, na anavyopiga kelele ni kama anajua.

Hasira yangu ina asili yake. Nilisoma sekondari Jinja, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa na daftari la kurasa 96 alilojaza pointi tu. Hakuna ribaundi, hakuna pasi, hakuna aliyemzuia nani. Mimi nilikuwa mnene kuliko wote, kwa hiyo nilipewa kazi ya kusukumana chini ya kikapu. Muhula mzima nilisukumana. Siku ya mwisho akabandika orodha kwenye ubao wa matangazo: jina, pointi, jina, pointi. Langu lilikuwa la mwisho, na mbele yake duara. Mpaka namaliza shule nilikuwa naitwa Sifuri. Kuna mtu yuko Mbarara sasa, ana watoto wanne na duka la vifaa vya ujenzi, akinipigia simu bado anasema, "Sifuri, habari za nyumbani?"

Nadhani ndiyo maana nilipokuwa mkubwa nilikwenda kukaa mezani, kuandika takwimu za mechi za vijana. Hapo ndipo unaujua ukweli wa hizi namba. Mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika, na wote wawili wana njaa. Mchezaji ametoa pasi, mwenzake amedundisha mara mbili, amempita mlinzi, amefunga. Hiyo ni asisti, pasi iliyozaa pointi, au siyo? Mimi nasema siyo, jirani yangu anasema ndiyo, mchezo hautusubiri, tunaandika ndiyo. Kesho yake mtu anaisoma kama vile imeshuka na malaika.

Alikuwepo mama mmoja aliyekuja kila wiki kumwangalia binti yake. Mapumzikoni anasogea mezani: "Mwandishi, mwanangu ana ngapi?" Namjibu kwa furaha, ana ribaundi 9, mama, tena kapora mipira 3. Ananitazama kama nimemrudishia chenji pungufu. "Nimekuuliza pointi, bwana. Hayo mengine ni ya kwenu huko mezani."

Hata FIBA wenyewe, shirikisho la kikapu la dunia, wana hesabu yao ya kupima ufanisi: jumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoporwa na iliyozuiwa, kisha toa mitupo iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Nzuri. Mlinzi aliyemfanya mpinzani asipewe pasi kabisa kwa dakika kumi anapata nini humo? Hamna.

Lakini hiki ndicho nilichomwambia kijana, nikipiga kelele ili upepo usiyachukue maneno. Bill Russell wa Boston Celtics. Mataji 11 kati ya 1957 na 1969. Mtu aliyewafundisha wengine kwamba kuzuia mpira unaoelekea kikapuni ni sanaa, kwamba huupigi ukaenda kwa watazamaji, unaugusa tu ili timu yako ianze kukimbia. Sasa nenda kwenye rekodi rasmi za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, utafute mipira aliyoizuia maishani mwake. Hutapata hata mmoja. Ligi ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa msimu wa 1973–74, na Russell alikuwa ameshastaafu. Waliomwona wanasimulia mpaka wanasimama kwenye viti, na karatasi imenyamaza kimya. Miaka 13 ya kuzuia, na hakukuwa na safu ya kuiandika.

Mipira iliyopotezwa nayo haikuhesabiwa mpaka 1977–78. Kwa hiyo kuna mastaa wa zamani ambao kwenye karatasi hawakuwahi kupoteza mpira. Waungwana sana.

Halafu kama ni namba mnazitaka, zisomeni zote. Msimu ule huyohuyo wa sifuri alikuwa na wastani wa ribaundi 6.6 na pointi 8.6 kwa mechi, na mitupo yake iliingia asilimia 71. Mwaka mmoja kabla alivaa jezi ya City Oilers kwenye BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, na kabla hajafikisha miaka 18 alicheza Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini. Juni 2025 akachukuliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua vijana wapya, akaishia timu ya Phoenix. Wenye hela walikuwa na karatasi ileile. Tofauti ni kwamba wao mechi waliitazama.

Tukawa tumesimama kwenye taa za Wandegeya. Upande wa YMCA nikasikia mpira unadunda, na nikaona kijana ametulia kidogo, nikajua nimempata.

"Lakini mzee," akageuka na helmeti yake, "unavyojua hivi, lazima ulicheza. Ulikuwa unafunga ngapi?"

Nikamwambia taa imewaka kijani.