Mbuzi wa Krismasi Anavyokula Bajeti

Katika nyumba yangu hapa Nkuhungu, Krismasi ya mwaka huu ilianza mwezi wa Agosti. Mama Neema alikwenda viwanja vya Nane Nane kule Nzuguni kama walivyokwenda wakazi wengine wa Dodoma, na wakati wenzake walirudi na mche wa mpapai au kipakiti cha mbegu za mboga, yeye alirudi na elimu. Kulikuwa na banda, aliniambia, ambamo kijana mmoja nadhifu alikuwa akiwafundisha kina mama kwamba sikukuu haimfilisi mtu aliyejiandaa, bali humfilisi yule anayekimbilia sokoni tarehe 24 Desemba huku anatweta. Niliuliza kama kijana huyo ana mke na watoto. Nikajibiwa kwamba bado, ila ana mpango.

Sisi watu wa Dodoma tumeishi na habari za makao makuu tangu mwaka 1973, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, hakuna muuza nyanya asiyejua maana ya fungu, kifungu na hoja. Bajeti ya Serikali inaposomwa mwezi Juni, redio ya duka la jirani huwa imefunguliwa kwa sauti ya mtaa mzima, na mke wangu huisikiliza huku akichambua maharage. Kwa hiyo jioni ile ya Agosti nilipowekewa mezani daftari lililopigwa mistari kwa rula, likiwa limegawanywa katika Chakula, Mavazi, Nauli, Sadaka, Wageni na Mengineyo, nilielewa kwamba siulizwi, bali nasomewa. Niliomba walau fungu la vinywaji liongezwe, ili pamoja na soda za watoto kipatikane kitu kidogo cha baba mwenye nyumba kupoozea koo. Ombi halikupita. Nilifikiria kushika shilingi ya mshahara wa waziri, kama wanavyofanya waheshimiwa wabunge wasiporidhika na majibu yake, ila nikakumbuka kwamba shilingi yenyewe nilikwisha kumkabidhi waziri tangu mwisho wa mwezi.

Hesabu zake, kwa haki, sizipingi. Mchele wa Bahi ukinunuliwa baada ya mavuno una bei ya kibinadamu, na ukisubiriwa hadi Desemba unakuwa na bei ya sikukuu. Mafuta ya alizeti ya Singida ni vivyo hivyo. Mbuzi naye, katika miezi ya kiangazi ambapo malisho yamekwisha na mfugaji ana shida ya fedha, huuzwa kwa bei ambayo Desemba ukiitaja mnadani utaulizwa kama unaumwa. Haya yote ni kweli tupu. Kinachonisumbua ni kwamba kijana wa bandani alifundisha namna ya kununua mapema, hakufundisha namna ya kuwazuia watu wasile mapema.

Tuanze na mchele. Gunia liliingia usiku, kwa siri, likasukumwa uvunguni mwa kitanda chetu, na Mama Neema akalishona mdomo kwa uzi wa katani na fundo ambalo alidai halifunguki. Kesho yake asubuhi watoto wote watatu walikuwa wanajua. Tangu siku hiyo ugali katika nyumba hii umepoteza heshima, kwa maana mtu anayejua kwamba kuna mchele chini ya kitanda hawezi kumeza tonge la uwele kwa moyo mkunjufu, hata mlenda uwe umeungwa kwa karanga. Halafu wakaanza wageni wa ghafla. Mgeni wa ghafla wa Septemba ni mtu wa ajabu sana: hajawahi kukutembelea mwaka mzima, lakini anafika saa saba kasoro mchana, anakaa, anasema yeye hatakaa, kisha mwenye nyumba wa kike anaona aibu kumpa mgeni ugali ilhali moyo wake unajua kilicho uvunguni. Fundo lisilofunguka limefunguka mara nyingi kiasi kwamba siku hizi linafungwa kwa utaratibu tu. Kilichobaki kimeingiliwa na fukusi, ambao nao hawakuandikwa popote kwenye daftari.

Mafuta yana habari yake. Dumu la lita 20 liliwekwa kwenye kona ya jiko, na Mama Neema akachora juu yake mstari kwa kalamu ya wino mzito, sawasawa na usawa wa mafuta, ili ajue kama kuna mkono umepita. Mkono ulipita. Akachora mstari wa pili. Jirani akaja kuomba kikombe kimoja tu, na kwa kuwa yeye ndiye hututunzia ufunguo tunaposafiri, hakukuwa na namna. Ukachorwa wa tatu. Leo hii dumu lile limejaa mistari kutoka shingoni hadi karibu na kitako, kila mmoja ukiwa na herufi ndogo pembeni ya kumtambulisha mhusika, na nimejiona humo mara mbili kwa makosa ambayo kwa kweli yalikuwa ni chapati.

Lakini mchele na mafuta ni mambo madogo. Kubwa ni mbuzi.

Tulikwenda mnada wa Msalato Jumamosi moja ya Septemba, vumbi likiwa limetanda na upepo ukipeperusha kofia za watu. Harufu ya nyama choma ilikuwa inatujia upande wa kushoto, nami niligeuza shingo mara moja tu, nikaambiwa kwamba hatukuja kula, tumekuja kuwekeza. Tulimchagua beberu mmoja mwenye mabaka meusi, mbavu zote zikihesabika kwa macho, na bei yake ilikuwa nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Mpango ulikuwa anenepe taratibu hadi Desemba, tuje kumchinja akiwa mbuzi wa bei kubwa aliyenunuliwa kwa bei ya mifupa.

Sasa naomba mwenye akili anieleze mbuzi ananenepaje Nkuhungu mwezi wa Oktoba. Ardhi ya huku wakati huo ina rangi moja tu, na majani mabichi yanayoonekana ni yale ya bustani za watu wenye visima. Kijana mwenye baiskeli huniletea mzigo wa majani ambao ananiuzia kwa sauti ya kunihurumia, na pumba nanunua mashineni, ambako wananijua kwa jina. Maganda ya viazi na ya ndizi yalikuwa yakitupwa bure kabla hatujawa wafugaji, lakini mama lishe wa pale kona alipogundua kwamba nayahitaji, aliyapangia bei. Mwenyewe nilipiga hesabu jioni moja nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nikaona kwamba kwa fedha aliyokwisha kula mnyama huyu ningemnunua Desemba akiwa mnene, ameoshwa, na amefungwa utepe. Nilipoiwasilisha hoja hiyo mezani, nilijibiwa kwamba gharama za uendeshaji hazichanganywi na mtaji.

Watoto, kwa upande wao, wamempa jina. Wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula bila kuulizwa, anakohoa kabla ya kulia, na akiwa amelala hataki kusumbuliwa. Baraka humpeleka kivulini saa sita, humletea maji katika bakuli ambalo zamani lilikuwa langu, na humsimulia habari za shule. Wiki iliyopita niligusia, kwa njia ya mbali, suala la kumtafuta mtu wa kutuchinjia tarehe 25. Kimya kilitanda. Kisha Neema, ambaye anasoma darasa la sita na ana mdomo wa mwanasheria, akaniambia, "Baba, Mheshimiwa hawezi kuchinjwa, ana kinga." Mdogo wao akaanza kulia palepale. Mama Neema akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemleta mbuzi katika familia ya watu wenye huruma.

Jambo pekee la maana alilolifanya mbuzi huyu tangu afike ni kula kadi ya mchango wa harusi. Msomaji wa Kitanzania anajua Desemba ilivyo: wale waliochumbiana mwaka mzima wote hukumbuka kuoana katika wiki mbili za mwisho, na kila mmoja ana kamati, na kila kamati ina mweka hazina mwenye salio la kupiga simu. Katika daftari letu michango haikuwa na fungu. Iliingizwa kwenye Mengineyo, ambayo ndani yake tayari kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani, rambirambi mbili, na bati moja la kanisa. Kadi ile ilikuwa imeachwa juu ya kigoda uani, yenye maua ya dhahabu na kiwango cha chini kimeandikwa kwa upole, na Mheshimiwa aliitafuna yote pamoja na utepe wake. Nilifurahi kwa muda wa chai moja. Jioni mwenyekiti wa kamati alinipigia kuniambia kwamba jina langu lipo kwenye orodha ya walioahidi, na kwamba wao hawategemei kadi.

Fedha taslimu tulikuwa tumeziweka kwenye kibubu cha mbao, kwa sababu Mama Neema anasema fedha ikikaa kwenye simu inaliwa na makato huku ukiiangalia. Kibubu hakina makato, ni kweli, lakini kina mwenye nyumba anayejua mahali kilipo, na nyundo ya nyumba hii ni moja. Kikoba chao nacho kitavunjwa Desemba na kila mwanachama apate gawio lake; tatizo ni kwamba alikopa humo humo Septemba ili tukamnunue mbuzi.

Mavazi sitayasemea sana. Zilinunuliwa nguo za watoto mapema kwenye mitumba ya Sabasaba, kabla wachuuzi hawajaanza kuzipiga pasi na kuzitundika kwenye hanga kama za dukani, na kwa busara ya kina mama zilinunuliwa kubwa kidogo ili watoto wakue nazo. Baraka hakukua hata kidogo, anaonekana amesimama ndani ya suruali ya mtu mwingine. Neema amekua kwa niaba ya wote wawili. Tumejaribu kubadilishana, lakini gauni halibadilishiki.

Kuna jambo ambalo kijana wa bandani, kama angekuwa mzaliwa wa huku, angelijua. Huku kwetu katikati ya nchi mvua ni ya msimu mmoja, na mara nyingi huanza kushika Desemba hiyo hiyo. Kwa hiyo wakati watu wa mikoa mingine wanatafuta kuku wa sikukuu, mwana wa Mgogo anatafuta mbegu. Baba yangu yuko Mvumi, na mzee huyu hana habari na daftari la mtu. Alinipigia majuzi asubuhi, nikamwamkia, akaitikia kwa haraka ya mtu mwenye jambo, kisha akasema wingu limeonekana upande wa Chamwino na kwamba jirani yake amekwisha kusafisha shamba. Hakuomba chochote. Mzee wa Kigogo haombi. Anakutajia wingu, halafu ananyamaza ili uhesabu mwenyewe bei ya mbegu za uwele na alizeti, pamoja na kibarua wa kulima. Fedha hiyo ilitoka kwenye Sadaka, kwa hoja ya Mama Neema kwamba mzazi naye ni madhabahu.

Na nyuma ya Desemba iko Januari, ambayo sina nguvu ya kuizungumzia. Ada katika shule za Serikali iliondolewa tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, nasi tunashukuru, ila sare, viatu, madaftari na begi ambalo zipu yake imekufa havikuondolewa. Mke wangu amekwisha kufungua ukurasa mpya kwa ajili hiyo, na nimeuona umepigwa mistari.

Mti wa Krismasi mwaka huu ni tawi la mgunga. Ile miti ya plastiki ya madukani, yenye taa za kuwaka na kuzimika, ilionekana kuwa ni anasa, ndipo nikatumwa kutafuta tawi la kawaida, na tawi la kawaida la Dodoma lina miiba. Limesimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga, likabandikwa pamba nyeupe iwe theluji, wakati nje jua linakausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Puto mbili zilizofungwa hapo zilipasuka siku ya kwanza. Mheshimiwa analitazama tawi lile kutoka mlangoni kwa namna ambayo siipendi, kwa kuwa mgunga kwake ni chakula.

Juzi usiku shemeji yangu wa Mwanza, kaka yake Mama Neema, alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyepatia. Aliniuliza habari za mvua na habari za mbuzi, maana za mbuzi zilikwisha kumfikia, kisha akanieleza kwamba na wao mwaka huu wameamua kujiandaa mapema. Hawataki tena adha ya kugombea viti vya mabasi karibu na sikukuu, wakati wapiga debe wanakuwa na lugha zao. Wamekata tiketi za mara tu shule zitakapofungwa, mwanzoni mwa Desemba, na watashuka stendi ya Nzuguni yeye, mke wake, watoto wanne, na mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima yake hawezi kupikiwa ugali siku mbili mfululizo. Nilimpongeza kwa busara hiyo. Halafu nikamwuliza, kwa upole wote anaostahili shemeji, tiketi za kurudi ni za tarehe ngapi. Akasema za kurudi hawajakata, hilo wataliangalia wakifika.