Maswali tunayo, anayerudi kudai jibu ndiye hayupo

Watanzania wengi tulioko huku Uingereza tuna tabia moja. Jumatano mchana Waziri Mkuu akimaliza kuulizwa maswali, video inakatwa, inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani na maneno chini yake: "Bunge ndilo hili, siyo la kwetu la kugonga meza." Nyumbani nao wanaisambaza kwa uchungu. Mimi naona kipande kinachorushwa ndicho kibovu kuliko vyote.

Yale maswali ya Jumatano ni mchezo wa kuigiza wenye historia ndefu. Yalipewa ratiba maalumu mwaka 1961, Jumanne na Alhamisi, dakika kumi na tano kila siku. Tony Blair alipoingia madarakani mwaka 1997 akayaunganisha yakawa nusu saa moja ya Jumatano. Kiongozi wa Upinzani ana maswali sita. Wabunge wengine hupatikana kwa kura ya bahati nasibu. Kelele zinakuwa nyingi mpaka Spika anasimama kuwanyamazisha watu wazima wenye suti. Halafu mbunge wa chama tawala anainuka na kuuliza kama Waziri Mkuu haoni kwamba serikali yake imefanya kazi nzuri sana jimboni kwake. Kumbe hata hapa wapo wanaosimama kumpamba bwana harusi! Sijawahi kusikia sera ikibadilika kwa sababu ya nusu saa hiyo. Watu wanacheka, magazeti yanatoa alama nani kashinda, kesho yake kila kitu kiko palepale.

Kama unataka kumwonyesha mtu wa nyumbani kitu cha maana, mrushie habari za Aprili 2018.

Kwa ambao hawakufuatilia: kuna watu waliokuja Uingereza kutoka visiwa vya Karibi kati ya mwaka 1948 na miaka ya mwanzo ya sabini, wengi wakiwa watoto, na walikuja kihalali kabisa. Hawakupewa makaratasi kwa sababu wakati huo hayakuhitajika. Kuanzia mwaka 2012 Wizara ya Mambo ya Ndani, wakati huo ikiwa chini ya Theresa May, ikaanzisha sera ya kuyafanya maisha kuwa magumu kwa asiye na kibali. Mwajiri akutake karatasi, mwenye nyumba akutake karatasi, benki hivyohivyo, hospitali hivyohivyo. Wazee waliofanya kazi na kulipa kodi miaka arobaini wakajikuta hawana ajira, wananyimwa matibabu, wengine wanawekwa kizuizini, wengine wanarudishwa visiwa ambavyo hawakuvikumbuka tena. Sisi wahamiaji wa makundi mengine tulikuwa tunatazama tukiwa tumeshika vibali vyetu kwa mikono miwili.

Tarehe 16 Aprili 2018 David Lammy, mbunge wa Tottenham ambaye wazazi wake walitoka Guyana, aliuliza swali la dharura. Utaratibu wa swali hilo ni mkali: mbunge anaomba asubuhi, Spika akikubali, serikali lazima ije ijibu siku hiyohiyo, iwe imejiandaa au haikujiandaa. Maswali ya aina hii yalikuwa yamekaribia kusahaulika mpaka John Bercow alipokuwa Spika mwaka 2009 akaanza kuyakubali kwa wingi, na mawaziri wakamchukia kwa hilo. Siku ile waziri mwenye dhamana, Amber Rudd, aliomba radhi mbele ya Bunge.

Lakini kuomba radhi si kujibu. Tarehe 25 akaitwa na Kamati ya Mambo ya Ndani, mwenyekiti akiwa Yvette Cooper wa upinzani. Pale hakuna kelele, kuna meza ya nusu duara, glasi za maji na watu wenye mafaili. Akaulizwa swali fupi: je, idara yako ina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini? Akajibu kwamba hawafanyi kazi kwa namna hiyo. Kesho yake akalazimika kurudi Bungeni kukiri kwamba malengo yalikuwepo kwenye ngazi za chini. Siku chache baadaye gazeti la Guardian likatoa barua yake mwenyewe ya mwaka 2017 kwa Waziri Mkuu, inayozungumzia kuongeza uondoaji wa watu kwa asilimia 10. Usiku wa tarehe 29 Aprili akajiuzulu.

Tusidanganyane hapa. Hakuondoka kwa sababu sera ilikuwa ya kikatili. Aliyeiasisi, Theresa May, wakati huo ndiye alikuwa Waziri Mkuu, na akaendelea kukaa. Rudd aliondoka kwa sababu aliiambia kamati jambo ambalo halikuwa kweli, na kulikuwa na watu waliolikumbuka jibu lake siku nne tu baadaye. Haki kamili haikutendeka, na wapo wazee waliokufa kabla ya kulipwa fidia. Ila jibu la waziri lilikuwa na bei.

Sasa twende Dodoma. Bunge letu huanza saa tatu asubuhi, ambayo huku wakati wa baridi ni saa kumi na mbili alfajiri, muda ninaotoka zamu ya usiku. Kwa hiyo kipindi cha maswali nakisikiliza nikiwa kwenye basi, na nimekisikiliza sana kiasi kwamba majibu nayajua kabla hayajatolewa. Mbunge anauliza ni lini Serikali itamalizia zahanati ya kijiji fulani ambayo wananchi wamejenga boma kwa nguvu zao. Naibu Waziri anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Anampongeza mbunge kwa kuwapigania wananchi wake. Anasema Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo. Itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Maswali mawili ya nyongeza. Mchakato unaendelea. Swali linalofuata.

Wanaobeza wanasema wabunge wetu hawaulizi. Si kweli. Wanauliza mno, na wanauliza mambo ya kweli: maji, daraja lililokatika, walimu wawili kwenye shule yenye madarasa saba. Katiba yenyewe, ibara ya 63, inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake. Tena tuna silaha ambayo marafiki zangu Waingereza nikiwaeleza wanafurahi kama watoto: kushika shilingi. Wakati wa bajeti mbunge asiyeridhika anatangaza kwamba anaondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kina. Ni kitu kizuri sana kwa nadharia. Kinachotokea ni kwamba waziri anasimama, anatoa ahadi kwa sauti ya upole, anamwomba Mheshimiwa amrudishie shilingi yake, na Mheshimiwa anairudisha kabla hata ahadi haijakauka. Mwaka unaofuata mbunge yuleyule anaishika shilingi ileile kwa barabara ileile. Nani alikuwa anatunza ile ahadi katikati? Hakuna.

Tunayo pia maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, kila Alhamisi Bunge likiwa linaendelea. Yana faida yake, kwa sababu mtu akijibu bila kusoma karatasi unamjua. Juni 2013 Mizengo Pinda aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kupiga raia, akajibu kwamba wanaokaidi wapigwe tu. Bila kipindi kile tusingelijua hilo kutoka kinywani mwake. Wanaharakati wa haki za binadamu na mawakili walikwenda mahakamani. Ndani ya Bunge, maisha yaliendelea.

Kinachoniuma ni kwamba tuliwahi kuweza. Mwaka 2007 waziri wetu wa nishati alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi hapahapa London, hotelini. Zitto Kabwe alipotaka Bunge liunde kamati ya kuchunguza kwa nini hotelini na kwa nini haraka, alisimamishwa kuhudhuria vikao. Lakini moto ulishawaka, na miezi michache baadaye kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe ikaichunguza Richmond, kampuni ya umeme wa dharura. Taarifa ikasomwa Bungeni Februari 2008, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili, akiwemo huyohuyo wa Buzwagi. Nawaambia Waingereza: ninyi mmewahi kumwangusha Waziri Mkuu kwa taarifa ya kamati akiwa bado kwenye kiti? Wanabaki wanafikiri. Boris Johnson, kamati ilipomaliza kumchunguza mwaka 2023 na kusema alilipotosha Bunge, alikuwa ameshaondoka Uwaziri Mkuu miezi tisa kabla.

Halafu tukarudi nyuma. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja kama zamani, sababu ikiwa gharama. Desemba 2018 Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kule New York, alisema kama yeye anatoa taarifa na hatua hazichukuliwi, basi huo ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa kwenye kamati ya maadili ajieleze, na Aprili iliyofuata Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Yaani yule anayewaletea wabunge maswali ya kuwauliza mawaziri ndiye aliyegeuzwa kuwa wa kuulizwa. Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufikia hata asilimia 12.5 ya viti inayohitajika kuunda Kambi Rasmi ya Upinzani. Bunge la chama kimoja kwa karibu kila kitu linaweza kuuliza, ndiyo, lakini mbunge anayejua kwamba jina lake litarudi kwenye vikao vya chama kabla ya uchaguzi hatalifuata jibu mpaka mlangoni.

Hapo ndipo naona tofauti yenyewe, na inaanzia kwenye mambo makavu ya utaratibu. Huku tangu mwaka 2010 wenyeviti wa kamati nyingi huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri. Kwetu Spika ndiye anayepanga nani akae kamati ipi, ndipo wanakamati wachague mwenyekiti kati yao. Mtu aliyepangwa anaweza kupangwa kwingine.

Nisije nikaonekana nimelewa chai ya huku. Ndugu yangu mmoja aliwahi kukwama na ombi lake la kibali katika ofisi moja ya serikali, miezi inapita, hakuna simu inayopokelewa. Tukamwendea mbunge wa eneo letu, siku ya Ijumaa anapokutana na wananchi. Aliandika barua, na pia akapeleka swali la maandishi kwa waziri: waombaji wangapi wa aina hii wanasubiri zaidi ya nusu mwaka? Jibu lilikuja haraka, mistari minne. Takwimu hizo, lilisema, haziwezi kupatikana bila gharama isiyo na uwiano. Nikacheka kwa sauti. Kumbe hata wao wana mchakato wao unaoendelea! Serikali imejiwekea kiwango, kama pauni 850, kwamba jibu likigharimu zaidi ya hapo kulitafuta, waziri anaruhusiwa kukataa. Ni mlango wa nyuma, na wanaupita kila wiki. Ila mbunge wetu hakuchoka. Aliliuliza upya kwa maneno mengine, kwa mwezi mmoja tu badala ya mwaka mzima, na safari hiyo namba ikatoka.

Na ndiyo, huyo mbunge nilimpigia kura. Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi kupiga kura ya wabunge. Kwa hiyo mimi, mwenye pasi ya Tanzania, ninaye mtu wa kumtuma akamwulize waziri wa Uingereza. Dodoma sina, kwa kuwa tulio nje hatuna utaratibu wa kupiga kura. Kila mkutano wa Bunge ukija tunasikiliza kama kuna atakayeuliza tena habari ya uraia pacha, na mara nyingi yupo, Mungu ambariki, na jibu ni kwamba badala ya uraia tutapewa hadhi maalumu, hadhi maalumu. Kwa hiyo anayetaka kuniambia mtu wa diaspora hana haki ya kusema, aanze kwa kuniambia nisemee wapi.

Mimi si wa kudai tuige kila kitu. Kura ya siri ya wenyeviti ningeitaka kesho, lakini najua haitakuja kesho. Kuna jambo dogo zaidi. Uganda, majirani zetu wa hapo tu, Bunge lao lina kamati ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi zinazotolewa na mawaziri. India wanayo tangu mwaka 1953. Waziri akisema "tutakamilisha mwaka huu wa fedha," kuna karani anaandika, na mwaka wa fedha ukiisha kuna kikao cha kumwuliza. Waganda watakuambia yao haina meno ya kutosha, na wana haki. Lakini walau daftari lipo.

Sisi hata wa kuandika daftari hatuhitaji kumsubiri. Tovuti ya Bunge inaweka maswali na majibu, jina la aliyeuliza, wizara iliyojibu, mkutano na kikao. Kijana mmoja mwenye kompyuta na bando anaweza kuchukua jimbo lake tu, akachambua kila "ifikapo Juni" na kila "mwaka ujao wa fedha" ya miaka mitano iliyopita, akaenda kupiga picha kwenye hilo boma la zahanati. Nauli nitachangia mimi.