Pima Maji Haikukosea

Boti niliinunua ikiwa imeshachoka: faiba ya futi 16, injini ya nyuma ya farasi 25, rangi ya chini inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Fundi mmoja wa Kibirizi, ufukwe wa hapa Kigoma, akanitajia bei ya kuipaka, nikaguna, nikamwambia nakuja. Sikwenda tena. Nikaazima trela, nikaipandisha boti hadi nyumbani Mwanga, nikaiegesha uani juu ya matairi na mawe.

Sasa, uwanja wetu umeinama. Ukiangusha chungwa mlangoni, utalifuata kwa jirani. Hilo nalijua miaka yote, ila wiki ile lilinitoka kichwani.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za msasa. Namba 80, nimelala chali juu ya kiroba, tumbo la boti limeniangalia usoni. Rangi ya zamani ilikuwa ile nyekundu ya baharini, yenye shaba, ya kuzuia vigamba vinavyong'ang'ania vyombo. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, vigamba hivyo hatuna. Sisi shida yetu ni utelezi wa kijani tu. Rangi ile ni sumu, kwa hiyo inasuguliwa kwa maji ili vumbi lisiruke. Basi maji mekundu yakanishuka mkononi, yakapita kwapani, yakatua kifuani. Mke wangu alikuja kuniita chai, akapiga yowe lililoleta mtaa mzima.

Praima, ile rangi ya kutangulia, nayo ni ya kuchanganya makopo mawili. Unachanganya kidogo kidogo. Mimi nikachanganya yote, saa saba mchana, juani. Kabla sijamaliza ubavu mmoja, kopo likapata moto, likaanza kufuka, brashi ikasimama wima ndani yake kama mwiko kwenye ugali. Lipo mpaka leo, linaegemeza mlango wa banda la kuku.

Ukaja mstari wa maji, mpaka kati ya rangi ya chini na nyeupe ya juu. Hapa ndipo nilipojiona fundi. Nikavuta uzi kuzunguka boti, nikaweka pima maji, kipovu katikati kabisa. Mzee jirani, aliyechonga mitumbwi maisha yake yote, akaja kuegemea ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo boti imelalia kushoto."

"Natumia pima maji, mzee. Hii haidanganyi."

"Haya," akasema, akaenda zake. Haya ya wazee, anayeijua anaijua.

Nikabandika selotepu ya karatasi, nikapaka kijani chini yake, nikarudi nyuma hatua kumi. Mstari umenyooka kama reli! Picha ikaenda kwenye grupu la familia hata rangi haijakauka.

Jumapili tukashuka Kibirizi. Boti ikaingia majini, ikajiweka sawa. Mstari ndio uliokataa. Kushoto, kijani kilitokeza juu ya maji upana wa kiganja. Kulia kilizama chote, kikaivuta na nyeupe. Ukiitazama kwa mbele ungeapa kwamba chombo kinakwenda chini.

"Oyaa! Kinalalia kulia hicho! Kinaingiza maji!" wavuvi wakapaza sauti. Mmoja akaturushia kopo la kukumbia.

Shemeji akaruka upande wa kushoto. Mke wangu akamfuata. Mama mkwe, aliyetoka Kasulu mahususi kuja kupanda boti ya mkwewe, akakusanya kanga zake, akahamia kushoto naye. Sasa nani wa kumwambia arudi? Unaanzia wapi kuzungumza habari za uzito na mama mkwe?

Boti ikainama. Ikaendelea kuinama mpaka maji yakakaa sawasawa kwenye mstari wangu, kulia na kushoto, bila kupishana hata unywele.

"Hapo sasa!" ufukwe mzima ukapiga makofi.

Kule ndani ukingo wa kushoto ulikuwa unalambwa na mawimbi, ndala za shemeji zinaelea, na mimi nimening'inia upande wa kulia peke yangu kama nguo iliyoanikwa.

Mzee jirani alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kidevu juu ya bakora.

"Mwanangu!" akaita. "Umeiona? Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa imelala kwako."