Begi la Shangazi Kaja

Kosa la kwanza ni langu, na lilitokana na tamaa ya bei. Kariakoo muuzaji aliniambia begi moja la shangazi kaja elfu nne, mawili elfu saba. Nikachukua mawili, yote ya miraba ya bluu na nyekundu, nikarudi Tandika nikijiona mtu wa hesabu. Moja la mke wangu, la kuwekea vifaa vya kujifungulia. La pili langu, la kuwekea muswada.

Mimi ni mwandishi, ingawa ukimuuliza mama mkwe kazi yangu atakwambia "bado anatafuta". Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku za kwaya tatu, kwa sababu kompyuta yangu ilikufa na mrithi hajapatikana. Riwaya hii imekula kaunta buku nne na miaka miwili. Mke wangu kazi yake aliianza juzi tu ukilinganisha na mimi, na tayari alikuwa anaelekea kuimaliza. Yeye ana kadi ya kliniki yenye tarehe, wiki 40 zimehesabiwa. Mimi hata jina la kitabu sina.

Kliniki tulianza kwenda wote wawili, maana pale mama akija na mwenza wake anaitwa mapema, na akija peke yake anaweza kurudishwa akalete barua ya serikali ya mtaa inayoeleza mwenza yuko wapi. Tukapimwa damu, akapewa chandarua na vidonge vya kuongeza damu, na mwezi wa saba tukapewa orodha: khanga doti mbili, glovu, pamba, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu, wembe, sabuni ya mche, pampasi, nguo za mtoto. Nikauliza kama naruhusiwa kuongeza kitabu cha kusoma wakati nasubiri. Nesi akanitazama juu ya miwani.

"Baba, leba si maktaba."

Lishike hilo neno.

Jumanne jioni mke wangu akaniambia niondoe begi langu mlangoni, anajikwaa. Nikalikwapua, mbio hadi kwa dada wa steshenari anayenichapia, shilingi elfu moja kwa ukurasa. Alikuwa anafunga. Nikamwachia mlangoni na maagizo ya kibwana mkubwa: "Chapa kila kilichomo humo, neno kwa neno. Usiruke kitu hata kama hukielewi. Ndiyo mtindo wangu." Njiani nilikuwa nimeliona begi jepesi kuliko nilivyozoea. Unafikiri nilishtuka? Nilifurahi. Nikajiambia sanaa yangu imekomaa, maneno ya ziada yanapukutika yenyewe.

Saa nane usiku nikapigwa kiwiko cha mbavu.

"Baba, imeanza."

LUKU ilikuwa imekata tangu saa nne na simu yangu ina asilimia tatu. Nikapapasa mlangoni, nikashika begi, likanivuta bega. Zito! Nikasema mtoto wetu anakuja na mizigo kama anatoka Dubai. Nje tukapata bajaji. Dereva alipoona tumbo aliuliza swali moja tu, na hakuniuliza mimi: "Mama, chupa haijapasuka?" Alipojibiwa bado, akaendesha kama kabeba trei za mayai, huku akigeuka kila baada ya nguzo kuangalia siti zake mpya.

Hospitalini mke wangu akaingizwa ndani, mimi nikabaki kwenye benchi na kina bibi watatu waliosindikiza binti zao. Mlango ukafunguka. Miwani ile ile.

"Ndugu wa huyu mama, lete glovu na mpira."

Nikafungua zipu kwa madaha, maana orodha nzima tulikuwa nayo, hakuna kilichopungua. Nikaingiza mkono, nikatoa kaunta buku. Nikaingiza tena, kaunta buku. Kina bibi wakanyoosha shingo. Mara ya tatu nikaanza kuomba dua, nikatoa kaunta buku ya tatu, na karatasi moja ikadondoka sakafuni. Nesi akainama akaiokota, akasoma kwa sauti: "Sura ya kumi. Mauti Mlangoni."

Bibi mmoja akasema "Astaghfirullah" na kusogea hadi mwisho wa benchi.

Nilijaribu kueleza. Ukweli wenyewe, ukiusema saa tisa usiku mbele ya wodi ya wazazi, hauna sura ya ukweli. Kwa bahati bibi wa pili, Mungu ampe umri, alichomoa khanga na glovu kwenye beseni lake akamkabidhi nesi, kisha akanigeukia: "Mwanangu, huyo mtoto ungemvika nini, gazeti?"

Baada ya kupimwa, mke wangu aliambiwa njia imefunguka sentimita moja, na safari ni ya kumi. Uchungu ukikaza hasa, nesi alisema, utakuja kama mara tatu ndani ya dakika kumi na hautaomba ruhusa. Huu wa kuja na kuondoka huenda ni wa kujaribia mitambo. Atembee tembee kwenye korido, waangalie mpaka asubuhi.

Basi akawa anatembea, mkono kiunoni. Zamu ilikuwa imepoa. Nesi akavuta kiti na, bila kuniomba, akafungua kaunta buku ya kwanza. Nikamwonya kuwa mwandiko wangu haueleweki. "Mimi nasoma ya madaktari," akanijibu, "huu wako ni wa mwalimu wa chekechea."

Nimewahi kupeleka kazi kwa wahariri wawili. Mmoja alisema nina kipaji, mwingine hakusema kitu. Hakuna aliyenifanya alichonifanya yule mama ndani ya saa moja.

"Huyu Mwanaidi wako kashika mimba lini?"

"Sura ya pili. Masika."

"Hapa embe zimeiva. Hapa embe zimekwisha. Hapa anajifungua, na mvua gani hii inanyesha?"

Nikachungulia. "Masika."

"Masika mpaka masika ni miezi 12. Hiyo mimba ya punda, kaka." Akafunua ukurasa. "Halafu mumewe anachemsha sufuria la maji. Ya nini?"

Sikuwa na jibu. Kwenye filamu zote nilizoangalia, mtu akijifungua lazima mwingine achemshe maji.

"Ya chai," akasema bibi wa beseni, akinitetea.

Hapo ningenyamaza, nikavumilia, nikaondoka na heshima kidogo. Lakini nesi alishanogewa, akaanza kuwasomea benchi zima kwa sauti, na mke wangu katika mizunguko yake akafika usawa wetu na kusimama kusikiliza. Ndipo nikakumbuka Mwanaidi nilimtoa wapi.

"'Usiku Mwanaidi alikoroma kama pampu ya kisima,'" akasoma nesi.

Mke wangu akanitazama.

"'Miguu yake ilijaa kama andazi lililosahaulika kwenye chai.'"

Mke wangu akatazama miguu yake, kisha akanitazama tena.

"'Na udongo wake wa kula aliuficha kwenye foronya, akidhani mumewe hajui.'"

"Kumbe unajua!" mke wangu akasema.

Korido ikanyamaza. Nesi akaweka kaunta buku mapajani polepole, akaivuta kadi ya kliniki, akapitisha kidole kwenye safu ya wingi wa damu. "Tisa," akasema. "Tisa! Nilikuwa najiuliza, mama anakula mchicha, anameza vidonge, damu haipandi. Kumbe anakula kiwanja." Mke wangu akapewa somo la minyoo na upungufu wa damu pale pale, mbele ya kina bibi ambao, nina hakika kabisa, nao walikuwa na vipande vyao ndani ya mabeseni. Wote walitikisa vichwa kwa masikitiko.

Ndoa yangu ilikuwa salama mpaka ilipoanza kusomwa hadharani. Kufika alfajiri uchungu ulikuwa umeyeyuka wote. Kilichobaki kilikuwa hasira. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri siku yenyewe. Nikakusanya kaunta buku, nikazikuta tatu.

"Moja nabaki nayo," nesi akasema. "Nimeishia pabaya. Nitakupa mkirudi. Na mkirudi, uje na glovu."

Saa nne asubuhi nikawa steshenari. Dada kanipokea kwa bashasha ambayo hajawahi kunionyesha: amemaliza, kurasa mbili. Alifungua begi, akakumbuka maagizo, neno kwa neno, usiruke kitu, akachapa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha yetu ya kliniki. Wa pili ulikuwa maandishi ya khanga zote mbili, NANI KAMA MAMA na WEMA HAUOZI, yakifuatiwa na maneno ya kwenye pakiti ya pampasi yakiwa yamepangwa mistari mifupi mifupi katikati ya karatasi.

"Hii kali kuliko ile ya zamani," akaniambia. "Ile nilikuwa nachapa tu, sielewi. Hii nilifika kwenye vibanio vya kitovu nikasisimka."

Miaka ya 1970 watu waligombana kweli kweli nchi hii kuhusu mashairi yasiyo na vina wala mizani kama ni mashairi. Nilisimama pale steshenari nikiwa upande ambao sikuutegemea. Nililipa elfu mbili zake. Kurasa ninazo, na kusema kweli ule wa pili si mbaya.

Nyumbani mke wangu hakusema neno. Alichukua makapeni akayaweka mabegi mawili sambamba. Kwenye la vifaa akaandika, kwa herufi kubwa, MTOTO. Kwenye la muswada akaandika MTOTO WA NJE. Nikaona ni adhabu ndogo, nikashukuru.

Jumamosi mama mkwe akaingia kutoka Lindi, kaja kusubiri mjukuu. Nilimpokea mizigo, nikamkaribisha ndani, nikaenda kumtafutia soda baridi. Niliporudi alikuwa amesimama pale pale mlangoni, baibui hajavua, macho yapo kwenye mabegi.

"Huyu wa nje," akaniuliza taratibu, "yuko wapi?"

Nikafungua kinywa. Mke wangu akaniwahi kutoka chumbani.

"Yuko kwa nesi, mama."