Leseni ya miaka 8 haitoshi kumfanya wakili awe jaji bora Texas

Majaji wa mahakama za wilaya katika jimbo la Texas, Marekani, hawateuliwi na rais kama wenzao wa Nairobi au Dodoma. Wanapigiwa kura, tena kwa tiketi ya chama, kila baada ya miaka 4. Masharti yamo kwenye katiba ya jimbo: mgombea awe raia, awe na leseni ya uwakili ya Texas, awe ameishi ndani ya wilaya hiyo miaka 2 kabla ya uchaguzi, na awe amefanya kazi ya uwakili au ujaji Texas kwa miaka 8. Zamani ilikuwa miaka 4. Wapiga kura waliiongeza Novemba 2021, wakamzuia pia yeyote ambaye leseni yake ilifutwa au kusimamishwa ndani ya miaka hiyo 8.

Miaka imeongezwa, lakini aina ya kazi haikuguswa. Wakili aliyekaa ofisini miaka 8 akiandika mikataba ya mafuta ana sifa sawasawa na aliyekuwa mahakamani miaka hiyohiyo akihoji mashahidi. Akichaguliwa, anaweza kukuta kiti chake ni cha jinai, na kesi ya kwanza ni ya mauaji.

Kasoro zinaanzia kwenye ushahidi. Pingamizi linatolewa juri (raia wa kawaida wanaoamua kesi) ikiwa inasikiliza, na jaji ana sekunde chache za kuamua kama shahidi anaeleza alichokiona au alichoambiwa. Akikosea kwa jambo zito, mahakama ya rufaa inaweza kubatilisha hukumu. Maelekezo ya maandishi kwa juri ndiyo mtego mkubwa zaidi: kipengele kimoja cha kosa kikiachwa, kesi inaweza kuanza upya, na mashahidi wengine wameshahama.

(Mahakimu wa ngazi ya chini, wanaosikiliza kesi za kuwaondoa wapangaji na madai yasiyozidi dola 20,000, hawahitaji leseni kabisa. Hilo halinisumbui sana, kwa kuwa kwa kawaida anayeshindwa akikata rufaa kesi husikilizwa upya.)

Kwa hiyo ukiwa mpiga kura Houston au Dallas, anza na jina la mgombea kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo. Utaona tarehe aliyopata leseni na adhabu za kinidhamu zilizotangazwa. Kisha muulize, kwenye mkutano au kwa barua pepe: umeendesha kesi ngapi hadi hukumu ukiwa wakili kiongozi, ngapi zilikuwa mbele ya juri, na ngapi ni za aina inayosikilizwa na mahakama unayoigombea? Akijibu kwa kutaja miaka badala ya kesi, umeshapata jibu. Jaji anayetetea kiti muulize hukumu zake zilizobatilishwa. Hukumu za rufaa ziko wazi kwa umma.

Fanya hivyo kabla ya kura za mchujo za vyama za Machi. Kwenye kaunti zinazoegemea chama kimoja, Novemba huwa ni kukamilisha tu.

Kura za maoni za mawakili, ambamo mawakili huwapima majaji na wagombea, zisome kwa tahadhari. Mawakili humjua jaji mkali kwa wachelewaji kuliko umma unavyomjua, na wengine humwadhibu kwa ukali huohuo. Tena kampuni yenye mawakili wengi ina kura nyingi za kumpa mtu wake.