Kufuli tatu za sanduku la mama

Kikundi cha akiba cha mama yangu kule Busia, upande wa Uganda, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa wa nne. Siku ya kikao halifunguliwi mpaka wote wanne wafike, na pesa za msiba huhesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Huu ni mwaka wangu wa saba Finland, natunza wazee, na kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyozidi kuliheshimu lile sanduku.

Kijiji ninachoishi kina ukumbi wa zamani wa mbao. Paa lake lilikuwa linavuja. Chama cha kijiji kikaomba pesa kupitia Leader, mpango wa kufadhili miradi ya vijijini ambao Ulaya iliuanzisha mwaka 1991 na ambao leo kila nchi ya Umoja wa Ulaya inalazimika kuutengea angalau asilimia 5 ya fungu lake la maendeleo ya vijijini. Pesa zinachangwa na Umoja wa Ulaya, serikali ya Finland na halmashauri. Lakini mradi upi upewe na upi usubiri, hilo haliamuliwi na waziri wala mkuu wa mkoa. Linaamuliwa na kikundi cha eneo, na Finland ina vikundi hivyo zaidi ya 50, vimeenea vijijini kote. Bodi ya kila kikundi imegawanywa mara tatu: theluthi watu wa halmashauri, theluthi watu wa vyama na jumuiya, theluthi wakazi wa kawaida. Ofisi ya serikali hubaki na kazi ya kukagua kama sheria imefuatwa, kisha inalipa. Nilipoelezwa mgawanyo huo niliziona zile funguo tatu za kina mama.

Kilichonigusa zaidi ni daftari. Wafini wana kazi ya pamoja wanayoiita talkoo, ndugu kabisa wa bulungi bwansi ya Waganda. Jumamosi ya kuezeka nilikwenda na mimi, nikapewa kazi ya kubeba mbao na kupaka rangi. Jioni mzee mmoja, fundi mstaafu, akafungua daftari akaandika jina langu, tarehe, kazi niliyofanya na muda niliofanya, yaani saa nne. Nikamuuliza za nini. Akanieleza kwamba zile saa zinapigiwa hesabu ya pesa na kuingizwa kwenye mchango wa kijiji. Jasho lilikuwa limeingia kwenye bajeti ya mradi! Nilikumbuka njia ya bondeni kwetu, jinsi kina mama wanavyojaza mawe na udongo kila mvua zikiisha, miaka nenda rudi, na hakuna daftari la serikali linaloonyesha kwamba wamechangia chochote.

Sasa tuje nyumbani. Mpango wa PDM (Parish Development Model), wa serikali ya Uganda wa kupeleka pesa za maendeleo vijijini, ulizinduliwa Kibuku, mashariki mwa Uganda, tarehe 26 Februari 2022, na nia yake naiunga mkono kwa moyo wote. Serikali ilisema asilimia 39 ya kaya za Uganda zinalima za kula tu, hivyo pesa zishuke mpaka kwenye parishi, yaani eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa, zote 10,594, shilingi milioni 100 kwa kila moja kwa mwaka. Kwa sisi tuliokua tukiona kila kitu kikiishia wilayani, hilo ni jambo kubwa. Na mpango wenyewe, ukiusoma, una nguzo saba: zimo barabara, maghala, huduma za jamii. Lakini nguzo ambayo mwanakijiji anaiona kwa macho ni moja, ile ya mkopo: milioni moja kwa mtu, riba asilimia 6 kwa mwaka, inaingia kwenye simu yake.

Kikundi cha mama kiliwaza mashine ya kusaga muhogo na kalvati pale bondeni, maana mvua ikinyesha bodaboda hazipiti na muhogo unaozea nyumbani. Wakajibiwa kwamba pesa ni za mtu na mradi wake. Kati ya wanawake kumi na wawili akapata mmoja. Akanunua nguruwe, homa ya nguruwe ikapita, na leo ana deni na banda tupu. Mama aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, tulizoea kudaiwa pamoja. Sasa yule analia peke yake." Sijaisahau sauti yake.

Tusidanganyane kwamba huku ni peponi. Makaratasi ya Leader yanachosha hata Wafini wenyewe, na kwa kawaida chama kinatoa pesa kwanza, kinaleta risiti, ndipo kirudishiwe. Chama chetu kilikopa benki ili paa likamilike. Ukiupeleka utaratibu huo Busia ulivyo, watakaofaidika ni wenye pesa tayari. Hapo PDM inashinda, kwa kuwa inatanguliza pesa, na hilo lisiguswe.

Ninachoomba ni kwamba sehemu ya zile milioni 100, hata kama ni robo, iwe ya kazi za pamoja, na uamuzi wake ufungwe kwa kufuli tatu: chifu wa parishi na LC, yaani viongozi wa baraza la mtaa, wawe na ufunguo mmoja, vikundi vya akiba, wakulima, makanisa na misikiti wawe na wa pili, na wa tatu uwe wa wakazi waliochaguliwa mkutanoni, vijana wakiwemo. Na saa za kazi ya mikono ziandikwe, zihesabiwe kama mchango wa kijiji. Wapo watakaosema watu wetu hawako tayari. Hao hawajawahi kukaa kwenye kikao cha kina mama wale, wakaona mweka hazina akirudia hesabu kwa sababu ya shilingi mia mbili.

Mwezi uliopita nilimtumia mama picha ya lile daftari la fundi. Jumapili akanitumia ya kwake: daftari la shule la kurasa 48, mistari imepigwa kwa rula. Jumamosi, bondeni, kujaza mawe, wanawake kumi na wawili, kila mmoja saa tatu. Pembeni ameacha safu moja wazi, juu yake ameandika "serikali".