Mchoraji Akiuza Fulana, Wewe Umepungukiwa Nini?

Mchoraji wa katuni za mtandaoni akianza tu kuuza kitu, hata kikombe chenye sura ya mhusika wake, hawakosekani mashabiki wa kununa. "Siku hizi kafuata pesa." "Zamani alikuwa anachora kwa mapenzi." Wanaosema hivyo wamesoma kazi yake bure kwa miaka, na wengine wameisoma wakiwa kazini, katika saa ambazo wao wenyewe wanalipwa.

Kwa maoni yangu mjadala wa kama alipwe au asilipwe umepitwa na wakati. Katuni ikishapendwa na watu wengi, pesa zitatoka tu, mchoraji apende asipende. Cha kuuliza ni zinaingia mfuko wa nani.

Mchukue yule mbwa aliyekaa mezani na kahawa yake, kofia ndogo kichwani, nyumba inateketea kwa moto huku yeye akisema mambo ni shwari. Alichorwa na KC Green mwaka 2013, katika mfululizo wake uitwao Gunshow. Kisa chenyewe kina visanduku sita, lakini wengi wetu tunajua viwili tu vya mwanzo, maana ndivyo vilivyokatwa na kurushwa kila kona. Vinne vilivyobaki, ambamo mkono wa mbwa unashika moto na mwishowe uso wake unayeyuka, viliachwa nyuma, na mara nyingi jina la mchoraji likaachwa hukohuko. Mwaka 2016 chama cha Republican cha Marekani kiliiweka picha hiyo kwenye akaunti yake ya mtandaoni kuwapiga vijembe wapinzani wao. Hebu fikiria: kazi ya mkono wako inapiga kampeni ambayo hukuulizwa, na wewe bado unahesabu siku za kodi ya nyumba. Mwaka huohuo Green alichangisha kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, ili atengeneze mwanasesere wa mbwa huyo, na watu wakatoa kupita mbali kiasi alichoomba. Sasa hapo kamwibia nani?

Kuna wanaodhani dawa ni kumtoza msomaji mlangoni. Ilishajaribiwa. Scott McCloud, mchoraji aliyetetea sana wazo la malipo madogomadogo, mwaka 2003 alitoa katuni yake kwa senti 25 za dola kupitia huduma iliyoitwa BitPass. Bei hiyo haimshindi mtu, ila usumbufu wa kujisajili na kuweka pesa kabla hujajua kama kitu ni kizuri unamshinda karibu kila mtu. BitPass ilifungwa mwaka 2007.

Kilichofanya kazi ni kinyume chake: katuni unaiacha wazi, unauza vinavyoizunguka. Randall Munroe alianza katuni yake ya mtandaoni, xkcd, mwaka 2005, akaruhusu yeyote azisambaze katuni zake mradi amtaje na asifanye nazo biashara. Biashara akabaki nayo mwenyewe, akauza fulana na baadaye vitabu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Rich Burlew na Order of the Stick, katuni ya watu wa vijiti, ile michoro ambayo mtu akiiona anasema hata mwanangu angechora. (Angechora kisa kimoja. Burlew amechora zaidi ya elfu moja, na kila kimoja kimebeba hadithi mbele.) Mwaka 2012 aliomba dola 57,750 ili achapishe upya kitabu kimoja kilichokuwa kimeisha sokoni. Akapata zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka kwa watu karibu 15,000. Na walichokuwa wakilipia kwa sehemu kubwa ni vitabu vya katuni ambazo ziko wazi kwenye tovuti yake, za bure, leo na hata kesho! Walitaka kitabu cha kushika mkononi, na walitaka mtu yule aendelee kuchora. Baada ya hapo, 2013, ikaja Patreon na michango ya kila mwezi, na wachoraji wengi sasa wanaishi kwa njia hiyo au kwa kuichanganya na nyingine.

Watetezi wa usafi wa sanaa hupenda kumtaja Bill Watterson, mchoraji wa katuni za magazetini, aliyekataa katakata wahusika wa katuni yake Calvin and Hobbes wageuzwe wanasesere na fulana. Namheshimu kwa hilo. Lakini Watterson alikuwa analipwa na magazeti na anauza vitabu, kwa hiyo alikuwa na pa kusimamia anapokataa. Mchoraji wa mtandaoni hana gazeti linalomlipa. Halafu tazama kilichotokea: stika za bandia za Calvin akikojoa zilibandikwa kwenye magari kwa maelfu, na waliozitengeneza wakala pesa ambayo mwenyewe aliikataa.

Ukitaka kujua pesa inaharibu wapi, usitazame fulana. Tazama kasi. Majukwaa makubwa ya katuni yaliyotokana na Korea Kusini yametuzoesha sura mpya ya hadithi kila wiki, ya rangi, yenye visanduku kwa makumi, na anayetaka kusoma kabla ya wenzake analipia. Sisi tunaona utamu. Mchoraji anaona wiki isiyo na Jumapili. Jang Sung-rak, aliyechora mojawapo ya katuni hizo, Solo Leveling, alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 37, na kifo chake kiliamsha tena mjadala kuhusu mzigo wanaobebeshwa wachoraji hawa. Anayenuna angenunia mikataba kwanza, aulize mchoraji anabaki na nini baada ya jukwaa kukata chake, na haki za wahusika zinabaki kwa nani.

Na wachoraji nao wana lao. Umaarufu haumfanyi msomaji kuwa mdeni. Aliyesoma bure kitu kilichowekwa bure, akacheka, akaenda zake, si mwizi. Mambo hubadilika pesa ikishapokelewa. Waandaaji wa katuni ya mtandaoni Homestuck walichangisha karibu dola milioni 2.5 mwaka 2012 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliotarajiwa 2014. Sehemu yake ya kwanza ilitoka 2017. Aliyechangia akalalamika katikati ya hiyo miaka alikuwa na haki yake yote. Ambaye hakutoa hata senti, na nina hakika walikuwepo na ndio waliopiga kelele zaidi, huyo sijui nimweke kundi gani.